Namna ya Kuwafuatilia Watu wa Karibu na Maadui wa Spider-Man

Msomaji anayeanza leo kusoma mfululizo wa katuni wa The Amazing Spider-Man anakabiliwa na mamia ya matoleo yaliyoanza kutoka Machi 1963, na kinachomchosha mapema ni wingi wa majina. Wengi huanza kwa kukariri maadui, kwa kuwa ndio wanaopamba majalada. Ninashauri uanzie upande wa pili: mjue kwanza anayekaa na Peter Parker, kijana ambaye kwa siri ndiye Spider-Man, anayemlipa ujira na wale anaosoma nao, kisha uwapange maadui chini ya majina hayo. Katika hadithi hizi adui hupata uzito anapopitia kwa mtu ambaye Peter anamjali, na asipofanya hivyo hubaki mhalifu mwenye mavazi ya ajabu anayepigwa na kukabidhiwa polisi.

Anza na kisa cha kwanza kabisa, kilichoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko katika Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962. Kina kurasa 11 tu, lakini ndani yake utawakuta Ben, ami yake Peter anayeuawa na mwizi ambaye kijana huyo alimwacha apite. May, mjane wa Ben, anayebaki kumlea. Na Flash Thompson, mwanafunzi mwenzake anayemdhihaki. Endelea na matoleo manne ya mwanzo ya The Amazing Spider-Man, ambamo wanaingia J. Jonah Jameson, mchapishaji wa gazeti la Daily Bugle mjini New York, na katibu wake Betty Brant. Mpe kila mmoja ukurasa wake katika daftari, ukiandika mambo mawili: anahitaji nini kwa Peter, na ni jambo gani hajui. May anahitaji dawa na fedha za kodi, na hajui mwanawe wa kulea hutoka usiku kwenda wapi. Flash anamdharau Peter na anamhusudu Spider-Man, bila kujua kwamba ni mtu mmoja.

Ukurasa wa Jameson uuachie nafasi kubwa. Katika toleo la 1 Spider-Man anamwokoa John, mwana wa Jameson, mwanaanga ambaye chombo chake kimeharibika angani, na bado gazeti linamtuhumu mwokozi huyo kwamba ndiye aliyesababisha ajali. Chuki hiyo haiishii kwenye vichwa vya habari. Katika toleo la 20, la Januari 1965, Jameson anagharimia jaribio linalomgeuza mpelelezi Mac Gargan kuwa Scorpion, na katika toleo la 25 anaiendesha mwenyewe kwa mbali roboti ya mwanasayansi Spencer Smythe, uso wake ukionekana kwenye kioo cha mashine hiyo inayomfukuza Spider-Man, bila kujua kwamba ndiye Peter, kijana anayemuuzia picha. Kwa hiyo Scorpion usimwandike katika orodha ya maadui. Mwandike chini ya Jameson, maana hapo ndipo alipozaliwa.

Doctor Octopus naye, aliyejitokeza katika toleo la 3 la Julai 1963, mweke chini ya May. Mwaka 1964, katika toleo maalumu la mwaka, anakusanya kundi la Sinister Six na kuwateka Betty na May, naye May anamwona kuwa bwana mwenye adabu. Mwaka 1974, katika toleo la 131, wawili hao wanakaribia kufunga ndoa. Hata hivyo, soma kwa utulivu zaidi matoleo ya 31 hadi 33, yaliyotoka Desemba 1965 hadi Februari 1966. May yuko hospitali akidhoofishwa na mionzi iliyomo katika damu aliyoongezewa na Peter, na dawa inayoweza kumponya imeibwa na genge la Octopus. Toleo la 33 linaanza Peter akiwa amelaliwa na mtambo mzito, maji yanadondoka kutoka juu, na chupa ya dawa imo sakafuni mbele yake, mahali mkono usipofika. Tazama jinsi Ditko anavyozidi kupanua fremu kadiri Peter anavyojisukuma, mpaka ukurasa mzima unakuwa picha moja ya mtambo ukiinuliwa. Octopus hayumo katika kurasa hizo, lakini sijui mahali pengine ambapo uadui wake unahisika zaidi ya hapo.

Familia ya Osborn inahitaji uvumilivu. Green Goblin anaingia katika toleo la 14, Julai 1964, bila kujulikana ni nani. Harry Osborn na Gwen Stacy wanajitokeza chuoni katika toleo la 31. Na katika toleo la 39, Agosti 1966, la kwanza kuchorwa na John Romita, tunafahamu kwamba Goblin ni Norman, baba yake Harry. Usirukie toleo la 121 la Juni 1973 kabla ya kuzisoma hatua hizo pamoja na kifo cha Kapteni Stacy, baba yake Gwen, katika toleo la 90. Katika toleo hilo la 121, lililoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane, Gwen, mpenzi wa Peter, anaanguka kutoka darajani, utando wa Spider-Man unamdaka lakini anakufa, na herufi ndogo za mlio wa kuvunjika zimeandikwa karibu na shingo yake. Ni rahisi kuzipita usipotazama vizuri. Kisha fungua ukurasa wa mwisho wa toleo la 122. Mary Jane, rafiki wa Peter, ambaye tangu uso wake uonekane katika toleo la 42 amekuwa msichana wa starehe na mizaha, anafukuzwa kwa maneno makali na Peter, anafika mlangoni, anasita, anaufunga na kubaki. Kwangu mimi, hapo ndipo anapokuwa mhusika kamili.

Maadui kama Electro, Vulture, Mysterio na Rhino wanatosha mstari mmoja kila mmoja mwanzoni. Lizard mpe zaidi, kwa sababu Dkt. Curt Connors ni rafiki wa Peter, na ana mke na mtoto wanaomwogopa akibadilika.

Tenganisha barakoa na mtu. Baada ya Norman, Harry pia alivaa ile ya Goblin. Jina la Venom lilianza kwa Eddie Brock, mwandishi wa habari aliyeharibikiwa kazini, katika toleo la 300 la Mei 1988, kisha likaenda kwa Mac Gargan na baadaye kwa Flash Thompson. Wawili kati ya hao watatu tayari wamo katika daftari lako, na ndiyo maana mabadiliko hayo yanaeleweka kwa msomaji aliyeanza na watu.

Vifo viandike kwa penseli, ukiweka namba ya toleo na kuacha nafasi pembeni. Norman alikufa mwaka 1973 na kurudi mwaka 1996. May alizikwa katika toleo la 400, mwaka 1995, kisha ikaelezwa kwamba aliyezikwa alikuwa mwigizaji aliyechukua nafasi yake.