Kutumia borrow na lend bila kuzichanganya

Chanzo cha kosa la "borrow me your pen" kimo ndani ya Kiswahili chetu. Kitenzi azima hubeba pande zote mbili: "nimeazima kalamu kwa Asha" ni kupokea, "niazime kalamu" ni kumwomba mwenzako atoe. Kiingereza sanifu kimezigawa pande hizo kwa vitenzi viwili. Kwa hiyo, kabla ya kusema, weka azima kando ujaribu kopa na kopesha, hata kama si suala la pesa. Panapokaa kopa, sema borrow. Panapokaa kopesha, sema lend.

Kisha tazama kinachofuata kitenzi. Baada ya borrow huja kitu, halafu from na mwenye kitu: "I borrowed a ladder from Juma." Anayepewa hawekwi baada ya borrow, kwa sababu tayari ndiye mtenda, ndiyo maana "borrow me" na "borrow to me" zote ni makosa. Lend ina mipangilio miwili: "Juma lent me a ladder" na "Juma lent a ladder to me." Shika kwanza ule wa mwanzo, ndio unaosikika zaidi.

Ukiomba chaja, "Can I borrow your charger?" na "Can you lend me your charger?" ni ombi lile lile. Kilichobadilika ni mtenda: I huenda na borrow, you huenda na lend. Choo cha mwenyeji hakiazimwi, hapo sema use.

Borrow imetoka kwenye borgian ya Kiingereza cha Kale, yenye mzizi mmoja na borg, yaani dhamana. Lend ilikuwa lænan, haikuwa na d katika shina. Wakati uliopita wake ulikuwa lænde, na d hiyo ikaja kuganda kwenye shina katika Kiingereza cha Kati. Leo wakati uliopita ni lent, "lended" haipo. Wenye lafudhi inayobadilisha l na r wawe waangalifu sana hapa, maana rent ni kukodi au kupangisha kwa malipo, na anayesikia "rent me your bicycle" atataja bei.

Marekani utasikia pia loan ikitumika kama kitenzi, "he loaned me fifty dollars." Si kosa huko. Uingereza wengi hupendelea lend, na kwenye mtihani lend ndiyo salama.

Lugha nazo hukopa, ingawa hazirudishi: "Swahili borrowed the word kitabu from Arabic." Hapo Swahili ndiyo inayopokea, kwa hiyo usiseme lend.