Kupata mwanasaikolojia wa kliniki Uganda bila bima

Watu wengi wananiuliza ni wapi kuna mwanasaikolojia anayepokea bima ya serikali, na inaniuma maana mtu anazunguka wiki nzima huku mgonjwa nyumbani hali inazidi. Hiyo bima bado hatuna. Bunge lilipitisha muswada wake 2021 ila rais hakuusaini, kwa hiyo ukiona mtu ana kadi ya bima hapa ujue ni ya kampuni, mara nyingi kapewa kazini.

Njia yetu ni hospitali ya serikali yenyewe. Toka 2001 huduma ni bure, ukiacha upande wa kulipia, na matatizo ya akili yanatibiwa hukohuko. Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya akili, ipo toka 1955, na ina kliniki ya wagonjwa wa nje, unaonwa unarudi nyumbani kwako. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu wengi wanaogopa wanadhani ukiingia geti unafungiwa. Hospitali ya Mulago, hapohapo Kampala, pia wana kliniki. Ukiwa Arua, Gulu, Mbarara, Jinja au Mbale nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili, na ukiwa kijijini anzia kituo cha afya, ile helsenta foo (Health Centre IV), wakuandikie rufaa.

Sasa hapa ndio watu wengi wanakwama, na mimi nilikwama. Nilimpeleka mdogo wangu, alikuwa amepoteza mtoto, hapati usingizi, hali chakula. Tulipanga foleni toka saa moja asubuhi, aliyetuona akaandika vidonge dakika mbili tukatoka. Tukarudi mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu nikamuuliza nesi, sista, hapa hamna mtu wa kuongea naye tu, mwanasaikolojia? Akafungua kitabu chake kikubwa mezani akapitisha kidole, akasema yupo, anakuja Jumatano. Yaani alikuwepo siku zote, ila hatukumtaja kwa jina la kazi yake. Daktari wa akili anatoa dawa, mwanasaikolojia anatibu kwa mazungumzo, na ukikaa kimya utapewa dawa tu. Kwa hiyo taja, uliza na siku zake, ikiwezekana piga simu kwanza uokoe nauli ya boda.

Nunua daftari la shule kabla hujaingia, ndio faili lako. Usiku wa kuamkia kliniki andika humo shida ilianza lini, analalaje, dawa gani ameshameza, maana ukifika mbele ya mtu wa koti jeupe maneno yanapotea. Na lugha uliza mapema. Wengi watakuhudumia kwa Kiingereza au Luganda, wewe sema unataka anayejua Kiswahili, na akikosekana omba mfanyakazi wa hapo atafsiri, usimtumie mtoto wako, kuna mambo mama hawezi kuyasema mdomoni mwa mwanae.

Wenye kadi ya kampuni, pigeni ile namba ya nyuma muulize kama mwanasaikolojia analipiwa, mara ngapi kwa mwaka, kliniki zipi, na kama inatakiwa kibali kwanza, halafu waambie wakutumie hayo majibu kwa maandishi. Ya simu yanakanushwa ukishafika kaunta.

Wakati unasubiri siku yako, shirika la Mental Health Uganda wana laini ya bure ya ushauri, 0800 21 21 21, na shirika la StrongMinds wanaendesha vikundi vya bure vya watu wenye sonona, uliza kama kuna kimoja karibu na mtaa wako.

Ila mtu akianza kusema anataka kufa usingoje Jumatano. Ondoa dawa ya shamba na vidonge vyote ndani ya nyumba, asiachwe peke yake hata chooni, na mpeleke kasualti, kitengo cha dharura cha hospitali, usiku huohuo.