Kabla Hujasaini Mkataba: Kukagua Hewa ya Nyumba Yenye Jiko la Gesi

Anayetafuta nyumba ya kupanga hufungua bomba aone kama maji yanatoka, hubonyeza swichi, hujaribu vitasa vya milango. Jiko la gesi hulitupia jicho tu. Likiwa linang'aa, basi. Lakini jiko lililozimwa halikuelezi lolote kuhusu hewa utakayoivuta humo mwaka mzima. Omba liwashwe ukiwa hapo hapo.

Kabla ya kiberiti, tumia pua. Gesi yenyewe haina harufu. Ile inayonuka huongezwa makusudi ili uvujaji ugundulike. Ingia ukitokea nje, kwa sababu pua huzoea harufu na baada ya muda hainusi tena. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini: inama karibu na sakafu, fungua kabati la mtungi. Gesi asilia inayokuja kwa bomba ni nyepesi, nayo hupanda. Ukiinusa, usiwashe chochote wala usiguse swichi, hata kwa kuzima. Funga valvu kama unaifikia, acha mlango wazi, toka.

Mpira wa gesi nao uukunje kidogo uone kama una nyufa, na utafute tarehe iliyochapwa juu yake. Maji ya sabuni kwenye maungio yatatoa mapovu pale panapovuja. Uvujaji mdogo hauhitaji jiko kuwaka: mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipopima majiko ya gesi majumbani Kalifonia, waligundua kwamba zaidi ya robo tatu ya methani (gesi kuu iliyomo kwenye gesi asilia) iliyotoka ilivuja wakati majiko yamezimwa.

Sasa washa, vichomeo vyote kimoja baada ya kingine. Mwali unatakiwa uwe wa buluu na uliotulia. Ukiwa wa njano, unaruka-ruka, au unaacha masizi kwenye sufuria, gesi haiungui yote, na hapo ndipo kaboni monoksidi inapozaliwa. Hewa hii haionekani wala hainuki, nayo hung'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mara nyingi kichomeo kimeziba tu na kinahitaji kusafishwa, lakini hilo lifanyike kabla hujahamia.

Wengi huishia hapo: mwali wa buluu, kila kitu salama. Si hivyo. Joto la mwali, hata ulio mzuri kabisa, huunganisha naitrojeni na oksijeni zilizomo hewani, na mwishowe hutokea naitrojeni dayoksidi, inayowasha njia ya hewa na kuchochea pumu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa watoto wanaoishi kwenye nyumba zinazopikia gesi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 42, wa kuwa na pumu. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2021, linapendekeza wastani wa mwaka wa naitrojeni dayoksidi usizidi mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo, na wa saa 24 usizidi 25. Chumba kidogo cha kupikia kisicho na pa kutolea hewa huweza kupita viwango hivyo kwa urahisi. Simshauri mtu arudi kwenye mkaa. Moshi wa mkaa na kuni ni mbaya zaidi kwa mbali. Ninachosema ni kwamba swali kuu la mpangaji ni hewa chafu inatokea wapi kwenda nje.

Kama kuna kivuta moshi juu ya jiko, fuata bomba lake. Linatoboa ukuta hadi nje? Vingi huchuja mafuta na harufu kisha huirudisha hewa ile ile chumbani, na vichujio hivyo haviwezi kutegemewa kuzuia naitrojeni dayoksidi, wala havizuii kaboni monoksidi. Kiwashe, weka kipande cha karatasi laini kwenye wavu wake: kisiponata, hakivuti. Kisipokuwepo, jaribu madirisha kwa mkono wako. Mengine yamepigwa rangi yakagandia, mengine yanatazama ukuta wa jirani. Dirisha linalofunguka kwenye korido ya ndani usilihesabu. Unataka matundu mawili yanayoelekeana, na matundu ya hewa ya ukutani yasiwe yamezibwa na magazeti ya mpangaji aliyetangulia. Kwenye chumba kimoja, ambapo kitanda kiko hatua chache kutoka kwenye jiko, sharti hili lisilegezwe.

Hita ya maji ya gesi iliyofungwa bafuni bila bomba la kutolea moshi nje? Nyumba hiyo iache. Hakuna punguzo la kodi linalofaa hapo.

King'ora cha kaboni monoksidi nunua chako, uhame nacho. Cha moshi hakifanyi kazi hiyo, wala cha kaboni monoksidi hakigundui gesi iliyovuja. Angalia mwisho wa matumizi yake, maana kihisio huchoka. Ujue pia kwamba vya kiwango cha Ulaya cha EN 50291 hulia baada ya dakika 60 hadi 90 hewa ikiwa na sehemu 50 kwa milioni. Kwa sehemu 300 hulia ndani ya dakika 3. Kikiwa kimya, maana yake ni kwamba hatari ya ghafla ya kaboni monoksidi haipo. Kuhusu naitrojeni dayoksidi hakijui chochote.

Waulize majirani kama wanapata maumivu ya kichwa au kizunguzungu kinachoisha wakitoka nje, hasa kikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja.

Mkatabani iandikwe nani analihudumia jiko na kila baada ya muda gani, na kwamba likionekana lina kasoro, mwenye nyumba hulitengeneza kwa fundi mwenye kibali. Ongeza kifungu kinachokuruhusu kutumia jiko lako la umeme mahali pake, na umwulize kama nyaya za jikoni zinaubeba mzigo huo.