Thailand: anza na kadi ya njano, tiketi baadaye

Ukitokea Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, Thailand itakudai kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sindano huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayechanja Jumatatu akaruka Ijumaa anaweza kukwamia kaunta ya ndege hukuhuku nyumbani. Angalia kadi kabla hujaondoka kituoni: jina liandikwe kama la pasipoti, namba ya bachi iwepo, na mhuri usomeke. Chanjo ya zamani haina haja ya kurudiwa. Tangu 2016 kinga inahesabiwa ya maisha.

Viza ni mtandaoni. Kadi ya kidijitali ya kuwasili, iliyoanza Mei 2025, hujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Tovuti inayodai dola kwa ajili yake si ya serikali.

Tarehe sasa. Phuket na Krabi, pwani ya magharibi, hunyeshewa mvua Mei hadi Oktoba, bahari ikachafuka. Kisiwa cha Koh Samui, upande wa pili, mvua yake kubwa ni Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo likizo ya Agosti, nenda Samui.