Ukishuka Guangzhou: mambo ya kupanga ungali Dar

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda China kwa mara ya kwanza huniuliza bei. Nguo za watoto soko gani, mikoba soko gani, kontena la pamoja linatoka lini. Ni nadra sana mtu kuniuliza kuhusu zile saa tatu za mwanzo, tangu mlango wa ndege unapofunguliwa mpaka unapofunga mlango wa chumba chako hotelini. Mimi nimeongozana na wageni Guangzhou kwa miaka mingi sasa, na nimeona hasara nyingi zinaanzia hapo. Sokoni uko macho, umeshakula, una mkalimani. Uwanja wa ndege unaufikia miguu imevimba, hujalala, na kama ndege imetua saa kumi na mbili asubuhi ya kule, mwili wako bado uko saa saba ya usiku wa Dar.

Mtu aliyechoka hukubali lolote, mradi apumzike. Ndiyo maana nawasisitizia wenzangu: uamuzi wowote unaowezekana kufanyika Dar, ufanyike Dar. Ukitua, fuata tu ulichopanga.

Karatasi, ziwe karatasi kweli

Anza na visa. Visa ya China ina tarehe ya mwisho ya kuingia nchini, na ina idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa kila unapoingia. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na watu huvichanganya. Dada mmoja tuliyepangiwa kusafiri pamoja alikata tiketi ya kurudi siku ya arobaini kwa visa ya siku thelathini, kwa sababu aliona muda wa visa yenyewe bado upo. Tuliligundua jioni moja tukipitia karatasi zake dukani, akabadilisha tarehe kwa gharama ndogo. Angeligundua kule, sheria ya China inatoza yuan 500 (yuan ni fedha ya China) kwa kila siku uliyozidisha, mpaka kufikia 10,000, na inaweza hata kukuweka ndani. Kaa chini na pasipoti yako, hesabu siku kwa kidole.

Kisha chapisha: barua ya mwaliko, hoteli uliyolipia, tiketi ya kurudi. Ziweke pamoja na pasipoti na kadi ya manjano ya chanjo kwenye mkoba wa begani, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Usitegemee picha za kwenye simu. Simu huzima, na ikiwaka huenda haina mtandao, na ofisa wa uhamiaji hatakusubiri.

Karatasi moja zaidi, na hii ndiyo nitakayokuomba usiisahau hata ukisahau nyingine: jina la hoteli, mtaa, na namba ya simu ya mapokezi, vyote vimeandikwa kwa Kichina. Waombe hoteli wakutumie, au muombe aliyekualika. Herufi za Kilatini hazimsaidii dereva wa teksi wa Guangzhou. Pia majina ya hoteli hujirudia, kampuni moja ina matawi kila pembe ya jiji. Kaka mmoja wa Mwanza alionyesha jina tu bila mtaa, akapelekwa tawi lililo upande mwingine kabisa wa mji, usiku, mvua inanyesha, na mapokezi hawana jina lake. Alilipa chumba mara mbili usiku ule. Chapisha nakala mbili, moja ikae mfukoni.

Mezani kwa ofisa

Kabla ya foleni ya uhamiaji kuna kadi ya kuingia ya kujaza, kwa karatasi au kwa simu, na kuna mashine za alama za vidole kwa wageni wa miaka 14 hadi 70. Jaza kadi kwa kuangalia pasipoti, herufi kwa herufi. Ukiwa na kalamu yako utafika foleni mbele ya abiria nusu ndege, maana kalamu za pale hugombaniwa.

Ukiulizwa umekuja kufanya nini, jibu kwa kifupi na jibu lilingane na aina ya visa uliyonayo. Ukiambiwa usimame pembeni, simama. Mara nyingi wanahakiki pasipoti tu, na wasafiri wengi wa Afrika tumekaa kwenye viti vile tukaruhusiwa kupita. Usipaze sauti, usitoe simu kupiga picha, toa karatasi zako moja moja kadiri unavyoombwa. Aliyezichapisha hukaa dakika chache. Aliyeziacha kwenye barua pepe hukaa mpaka mtandao upatikane.

Fedha taslimu na forodha

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu sisi wa Kariakoo wengi bado tunabeba dola mkononi.

Kwetu Tanzania, fedha taslimu zinazozidi thamani ya dola 10,000 ndizo unazotakiwa kuzitolea taarifa unapovuka mpaka. China kiwango ni dola 5,000. Unaona tatizo lilipo. Mtu mwenye dola 8,000 anaondoka Dar bila kuulizwa neno, anafika Guangzhou anawafuata wenzake kwenye njia ya wasio na cha kutoa taarifa, na papo hapo ameshavunja sheria ya nchi ya watu bila kujua. Akipekuliwa, fedha ya mtaji inaingia kwenye mgogoro siku ya kwanza.

Kutoa taarifa si kulipa ushuru. Unakwenda njia nyekundu, ile ya wenye cha kutoa taarifa, unajaza fomu, wanahesabu, wanagonga muhuri, unaondoka na fedha zako zote. Fomu ile itunze mpaka siku ya kurudi, kwa sababu ukibakiwa na dola nyingi ndiyo itakayoonyesha kwamba uliingia nazo. Kama mnasafiri wawili, kila mtu abebe na kutolea taarifa za kwake.

Forodha pia hawaruhusu nyama, mayai, vitu vya maziwa wala matunda mabichi. Mama mmoja wa Tandika alikuwa amembebea mpwa wake anayesoma kule maembe na nyama ya kukausha, kavifunga vizuri kwa mapenzi yote. Vilichukuliwa vyote. Niliumia kumtazama. Mpelekee kijana kanga au batiki, hazina shida.

Simu

Ukiunga Wi-Fi ya China, WhatsApp haifunguki, wala Google, Facebook, Instagram na YouTube. Mgeni anadhani simu imeharibika, anaizima na kuiwasha mpaka chaji inaisha, na huko nje mwenyeji wake anamsubiri kwenye mlango mwingine. Ukinunua laini ya kule utakuta hali ileile.

Dawa yake ni kutoka na laini yako ya nyumbani ikiwa imewezeshwa kutumika nje ya nchi, na bando la nje limenunuliwa kabla hujaondoka. Data ya laini ya nyumbani hupitia mtandao wa nyumbani, kwa hiyo WhatsApp inafanya kazi. Laini hiyo pia ndiyo inayopokea ujumbe wa namba za siri kutoka benki, na namba ya kuingilia Wi-Fi ya uwanja, ambayo nayo huja kwa ujumbe mfupi. Nenda kwa wakala wa mtandao wako wiki moja kabla, usingoje usiku wa safari.

WeChat, programu ya ujumbe wanayotumia Wachina, fungua ungali Dar. Mara nyingi akaunti mpya hudai mtu mwingine mwenye WeChat aithibitishe kwa simu yake, na kumpata mtu huyo Kariakoo ni rahisi kuliko kumpata ukiwa umesimama na begi Guangzhou. Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, pia iweke mapema, uiunganishe na kadi yako ya Visa au Mastercard. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato, yakizidi hapo wanakata asilimia 3. Halafu piga simu benki yako, waambie unakwenda China na uwaombe waruhusu kadi kulipa mtandaoni na nje ya nchi. Benki ikiona malipo ya ghafla kutoka Guangzhou huizuia kadi, na kuifungua ukiwa kule, na tofauti ya saa tano, ni kazi.

Hata hivyo uwe na yuan taslimu. Badilisha kiasi kidogo uwanjani, cha teksi, chakula na siku moja ya dharura, omba na noti ndogo. Kiasi kikubwa badilisha mjini ukishalala, kwenye benki.

Begi lisipotoka

Ukikabidhi begi Dar, kabla hujaondoka kaunta soma stika yake. Mwisho wa safari lazima ziwe herufi tatu, CAN. Hiyo ndiyo alama ya uwanja wa Guangzhou. Ikiwa imeandikwa alama ya Addis Ababa au Doha peke yake, begi lako litaishia huko. Dai ibadilishwe hapo hapo. Kipande cha stika wanachokupa kibandike kwenye jalada la pasipoti, na piga picha begi likiwa wazi na likiwa limefungwa.

Mkanda ukisimama na begi halijatokea, usitoke. Watu hutoka kwa sababu ya usingizi, wakisema nitarudi kesho. Ukishatoka nje ya ukumbi ule, kurudi ndani ni mlolongo. Nenda kaunta ya mizigo, toa stika, onyesha picha, na usiondoke bila ripoti ya maandishi yenye namba. Acha anwani ya hoteli ile ya Kichina ili waweze kukuletea. Kwa safari za namna hii unalindwa na Mkataba wa Montreal, mkataba wa kimataifa wa haki za abiria wa ndege na mizigo yao, ambao Tanzania, Kenya na China zote zimo. Begi likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Tunza risiti za nguo na dawa ya meno ulizolazimika kununua. Na dawa zako za kila siku, tafadhali, zikae mkononi daima.

Kutoka uwanjani

Mlangoni utakutana na watu wanaokuita, wengine kwa Kiingereza kizuri, wengine hata kwa salamu ya Kiswahili. Wapite. Fuata alama za teksi mpaka kwenye foleni rasmi, panda inayofuata, onyesha karatasi, angalia mita inawaka. Kwenda Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hufikia, kwa kawaida ni yuan mia moja na kitu. Wale wa mlangoni nimewasikia wakitaja mia tatu, na mchovu analipa. Ukiwa na mzigo mdogo, treni ya chini ya ardhi haifiki yuan kumi: laini ya 3 mpaka Jiahewanggang, laini ya 2 mpaka stesheni ya reli ya Guangzhou, laini ya 5 kituo kimoja mpaka Xiaobei. Hufungwa karibu saa tano usiku. Kama ndege yako inafika usiku, panga teksi tangu mwanzo.

Hotelini watachukua pasipoti yako wainakili na kukuandikisha polisi. Ukifikia kwa ndugu au rafiki, jukumu hilo ni lenu, na sheria inataka mwende kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24. Wenyeji wengine husema haina haja. Ina haja. Ukaguzi hutokea, na karatasi ile huulizwa pia ukitaka kuongeza muda wa visa.

Adapta uwe nayo begini, plagi zetu za miguu mitatu mikubwa haziingii kwenye soketi za kule. Maji ya bomba usinywe.

Siku ya kwanza usinunue, usilipe

Hili nalisema nikijua linawaudhi wenye haraka. Siku unayotua, usimpe mtu yeyote malipo ya awali. Wala dalali aliyekuja kukupokea, wala kiwanda, wala mtu wa kontena, hata kama bei ni ya leo tu. Nimewaona watu wazima, wenye maduka makubwa, wakisaini oda ya rangi ambayo hawakuichagua kwa sababu kichwa kilikuwa kimelala. Kula, oga, piga simu nyumbani ukikumbuka kwamba wao wako nyuma saa tano, ulale usiku wa kule hata kama usingizi unakuja vipande vipande. Masoko mengi ya jumla, ya Zhanxi, ya mikoba ya Sanyuanli, ya vitambaa ya Zhongda, hayachangamki kabla ya saa tatu au saa nne asubuhi, kwa hiyo hukosi kitu.

Na kama safari yako inaendelea kwa ndege mpaka Yiwu, mji mwingine wa masoko ya jumla, itazame pawabanki yako, ile betri ya kuchajia simu, kabla ya kwenda uwanjani. Tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China hazikubali pawabanki isiyo na alama ya 3C, alama ya China ya ubora na usalama wa bidhaa, na nyingi tulizonunua kwetu hazina. Inaachwa kwenye ukaguzi. Nunua yenye alama hiyo Guangzhou, uiache ile ya zamani kwa mwenyeji wako.