Dodoso la wafanyakazi: achana na "nakubali/sikubali"

Kwa watu wa HR na wanafunzi mnaoandaa dodoso la kupima kama wafanyakazi wameridhika, jaribuni hii: zile sentensi za "nakubali sana" mpaka "sikubali kabisa" zigeuzeni ziwe maswali ya moja kwa moja. Yaani badala ya kuandika "Bosi wangu ananisikiliza" halafu mtu atiki, uliza "Ukimpelekea bosi wako tatizo, ni mara ngapi anakusikiliza hadi mwisho?" na majibu yawe kila mara, mara nyingi, mara chache, hajawahi. Ile skeli ya Likert (ndo hiyo ya nakubali/sikubali) ipo tangu 1932 na wote tumeizoea, ila shida yake watu wana tabia ya kukubali tu chochote kilichoandikwa, hasa mtu akiwa amechoka au akiona kumpinga mkubwa ni kukosa adabu, unakuta mtu huyohuyo katiki nakubali kwenye "mshahara unanitosha" na pia kwenye "mshahara wangu ni mdogo". Ukimuuliza mara ngapi au kwa kiasi gani inabidi afikirie kazini kwake kukoje kweli, hamna "ndiyo" ya kuegemea.

Haitasaidia kama watu wanaogopa itajulikana nani kajibu nini (na fomu ikidai barua pepe ndo umeshaharibu kabisa, hiyo setingi izime kwanza). Na kama mna data za mwaka jana kwa maswali ya zamani msibadilishe yote kwa mkupuo, hamtaweza kulinganisha, machache yaacheni vilevile yalivyo.