Sampuli ya GMO huharibikia kwenye kontena, si maabarani

Kwa miaka mingi nimechoma kwa bambo (chuma chenye ncha kinachochota punje ndani ya gunia) magunia ya mahindi na soya kutoka nje, nikitafuta GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, na vijana wanaoanza kazi hii nawasihi jambo moja: shikeni bambo vizuri. Mashine ya maabara haiwezi kuona kilichobaki ndani ya gunia.

Nyaraka kwanza. Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa kuhusu usalama wa viumbe hivyo, iliyoanza kutumika 2003, inataka shehena ya chakula au malisho iandikwe angalau kwamba “huenda ina” viumbe hai vilivyobadilishwa vinasaba na kwamba si ya kupandwa. Ukikuta kitambulisho cha aina ya GMO kama MON-ØØ81Ø-6 (hayo ni mahindi yanayojikinga na viwavi wa mabua), kilinganishe na orodha ya GMO zilizoidhinishwa.

Sasa bambo. Punje za GMO hazienei sawasawa, hukaa mafungumafungu. Jioni moja nilichoma magunia ya mlangoni tu kwa kuwa giza lilikuwa linaingia, na sampuli ikatoka safi. Mzigo uliposhuka wote nikarudia: magunia ya katikati yakatoa vinasaba vya GMO waziwazi. Tangu siku hiyo nasubiri hadi gunia la mwisho lishuke, hata dereva akinuna.

Hesabu nayo haina huruma. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kunasa GMO ikiwa ni punje 1 katika kila 1,000, unahitaji punje 3,000 hivi. Kwa mahindi ni karibu kilo moja. Kwa hiyo mwaga ulichokusanya kwenye turubai safi, changanya, rundika kama kichuguu, kisha gawa: fungu la maabara, la mwenye mzigo, na la akiba. Kila fungu litimize kilo hiyo, na lipigwe lakiri mwenye mzigo akiona.

Ogopa vumbi. Unga kidogo wa jana kwenye kisagio unatosha kumtia hatiani mfanyabiashara asiye na kosa.

Maabarani, PCR ya mchujo (kipimo kinachonakili vinasaba ili vionekane) hutafuta 35S na NOS, vipande vya vinasaba vilivyopandikizwa katika GMO nyingi, ingawa si zote. 35S asili yake ni kirusi cha koliflawa, ambacho huweza kuwamo hata pasipo GMO, hivyo kwa mazao ya jamii ya kabichi usihukumu kabla ya kipimo cha pili. Vijiti vya kupima protini ni vya haraka, lakini malisho yaliyopitishwa kwenye joto kali huweza kuvidanganya. Mafuta yaliyosafishwa karibu hayana vinasaba tena. Hapo fuatilia nyaraka hadi kwenye mbegu zilizokamuliwa.